Chuma Hakikauki

Luhaga wa Ng'washi alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani mwake: alipenda namba zilingane. Wengine hupenda pombe, wengine hupenda kusifiwa. Yeye ukimpa vyeti viwili vyenye uzito uleule, kimoja kimeandikwa Musoma na kingine kimetoka kwenye mizani yake mwenyewe hapa Mwanza, alitabasamu kama mtu aliyeletewa mtindi shambani. Kisha alichukua kalamu nyekundu akatia alama ndogo pembeni. Alama hiyo hakuagizwa na mtu yeyote, ilikuwa starehe yake tu.

Kwa cheo alikuwa karani wa mizani katika banda la forodha bandarini. Siku nzima alipima marobota ya pamba, ngozi za ng'ombe, madebe ya samli na samaki wakavu. Lakini kazi aliyoionea fahari ilikuwa ndani ya daftari moja lenye jalada jeusi, lililofungiwa peke yake kabatini. Hilo lilikuwa daftari la silaha. Humo aliandika kila bunduki iliyoingia kwa njia ya Mwanza, namba yake, mwenyewe na leseni yake, na kila kopo la baruti na kila kisanduku cha fataki za kuwashia baruti. Mwisho wa mwaka jumla yake, pamoja na maelezo yoyote ya karani, ilikwenda Dar es Salaam, ikaunganishwa na za bandari nyingine, ikavuka bahari hadi Geneva. Huko lilikuwako Shirikisho la Mataifa, lililowakabidhi Waingereza nchi hii waitunze baada ya vita na Mjerumani, na mojawapo ya masharti yake lilikuwa kwamba biashara ya silaha isiachwe holela. Luhaga aliambiwa kwamba Geneva kuna watu ambao hawana kazi nyingine ila kukusanya hesabu za bunduki za dunia nzima: nani kauza, nani kanunua, zimepita wapi.

"Yaani mimi," alimwambia mkewe Teodora siku aliyokabidhiwa ufunguo wa kabati, "nikiandika tatu, dunia inasoma tatu."

"Basi andika na hili paa linavuja," Teodora alimjibu, "tuone kama dunia itasoma."

Wakacheka. Hiyo ilikuwa miaka minne nyuma. Mwezi wa nane wa mwaka 1935 hapakuwa na kicheko nyumbani kwao Pasiansi.

Ijumaa moja asubuhi Luhaga aliitwa ofisini kwa Bwana Pringle, mkuu wa forodha, Mwingereza mrefu aliyesema Kiswahili cha darasani, kila neno limesimama wima peke yake. Mezani palikuwa na barua ya polisi wa Shinyanga. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamevamia boma moja kule, wamempiga risasi mchungaji akafa, na walipokamatwa walikutwa na bunduki nne. Matako ya bunduki yalichongwa hukuhuku kwa mti wa kienyeji, lakini mitutu ilikuwa ya kiwandani, mipya, imetoka ng'ambo ya mpaka. Mmoja wa wezi alikiri kwamba ilifika kwa treni, na treni ilikuwa imetoka Mwanza.

"Daftari lako linasema mwaka huu zimeingia ngapi?" Bwana Pringle aliuliza.

"Mbili, Bwana. Ya daktari wa misheni na ya Bwana Nyama, mkuu wa wanyamapori."

"Mbili. Na hizi nne zimeruka kama ndege." Aliikunja barua polepole. "Luhaga, ama umelala, ama umelishwa. Inspekta atakuja kwa treni ya Ijumaa ijayo. Siku hiyo nitampa jina la mtu aliyezipitisha. Kama wewe huna jina, nitampa lako."

Luhaga alitoka nje akasimama kwenye jua. Jela aliiogopa, kama mtu yeyote mwenye akili timamu anavyoiogopa, lakini kilichomchoma zaidi ni lile neno umelishwa. Miaka minne hakupokea hata kikombe cha chai cha mfanyabiashara, na sasa mchungaji wa watu amelala kaburini Shinyanga kwa chuma kilichopita chini ya pua yake. Aliona aibu mpaka machozi yakamlenga, tena mchana kweupe, mbele ya mahamali.

Alianza kusaka siku hiyohiyo. Alikwenda kwa Hasham, mwenye duka la vyuma karibu na bandari, mtu pekee mjini mwenye leseni ya kuuza bunduki, fataki na baruti. Hasham alimfungulia stoo bila kunung'unika.

"Hesabu, bwana karani, hesabu mpaka uchoke. Polisi wakikosa mwizi, wa kwanza kugongewa mlango ni mimi. Nimeshazoea."

Alihesabu, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Jumamosi alichoma marobota ya pamba kwa nondo, moja baada ya jingine, mpaka mawakala wakamlalamikia. Jumatatu alipekua ngozi na kutumbukiza kijiti katika kila debe la samli, mkono wake wote ukanuka samli hadi kiwikoni. Hakupata kitu. Teodora alimwekea chakula, akaketi karibu naye, na kwa mwanamke yule mwenye maneno kukaa kimya kulimtisha Luhaga kuliko kelele.

Mzigo mmoja tu hakuugusa, nao ulikuwa samaki wa Bwana Harnisch. Huyu alikuwa Mzungu mwenye mashua ya injini, aliyenunua samaki wakavu upande wa Musoma na kuwapeleka kwa treni kuwa posho ya vibarua wa mashamba ya katani huko chini. Alikuwa mcheshi, alimwita Luhaga "karani wangu", na Jumapili alikunywa chai barazani kwa Bwana Pringle. Lakini hayo siyo yaliyomzuia Luhaga. Kilichomzuia ni vyeti. Desturi ilikuwa kwamba samaki wanaotoka Musoma wapimwe kulekule, kila robota liandikwe namba na uzito kwa chaki na kwenye cheti, kisha lipimwe tena likifika Mwanza. Na marobota ya Bwana Harnisch, Mungu ampe nini, mara kadhaa yalikuwa yamelingana mpaka ratili ya mwisho. Vyeti vyake vilikuwa na alama nyekundu nyingi kuliko vya mtu yeyote. Unamshukuje mtu kama huyo?

Jumanne akaja Aoko.

Aoko binti Owuor, au Mama Orwa kama alivyoitwa na wote, alikuwa Mjaluo wa Shirati, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana, na mwalo wa Kirumba, wanakoshushia samaki, ulimjua kuliko ulivyomjua liwali yeyote. Alileta samaki wake kwa mashua ya tanga, na kila wiki aligombana na Luhaga juu ya mizani. Siku hiyo cheti kilisema ratili tisini, mizani ikasema themanini na sita.

Luhaga, ambaye moyo wake tangu Ijumaa ulikuwa kidonda, akalipuka.

"Mama Orwa, mwaka mzima hujawahi kuniletea robota linalolingana! Hata moja! Leo zimepungua nne, juzi tano, masika zilizidi sita. Mbona wenzako wanaweza? Tazama hapa." Alichomoa jalada la vyeti akampigia kidole. "Bwana Harnisch, robota la kumi na moja: Musoma tisini na mbili, Mwanza tisini na mbili. Huo ndio uaminifu!"

Aoko hakukasirika. Alimtazama, akatazama ile karatasi asiyojua kuisoma, akamtazama tena. Kisha akaketi juu ya robota lake na kuanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kumtikisa mabega.

"Yawa! Karani, huyo Mzungu anauza samaki wa mbao?"

"Sijakuelewa, mama."

"Ndiyo maana nakucheka, mwanangu. Wewe umezaliwa kwenye ng'ombe, hujui samaki." Alichomoa ngege mmoja mkavu kutoka kwenye robota akampa mkononi. "Huyu ukimwona unasema amekauka. Hajakauka. Samaki wa jua anaendelea kukauka mpaka anaingia chunguni. Akitoka Musoma kiangazi, upepo unamnyonya siku nne ziwani, anafika huku amepungua. Masika mvua inampiga, anakunywa maji, anafika amezidi. Anapungua au anazidi. Kukaa palepale, ratili kwa ratili, hapana. Mimi nimeuza samaki tangu Orwa yuko mgongoni, sijamwona huyo. Kitu ambacho hakipungui ni mawe."

"Au chuma," Luhaga alisema.

"Au chuma," Aoko alikubali, akifuta machozi ya kicheko. Kisha akaona uso wa karani, na kicheko kikamwisha.

Luhaga alikuwa ameshika lile jalada kwa mikono miwili. Alianza kufunua vyeti kuanzia Januari. Mashua ya Bwana Harnisch ilikuwa imekuja safari ishirini na nne, kila safari marobota thelathini. Katika safari kumi na tisa marobota yote yalipungua au yalizidi kama samaki wa watu wengine, wala hapakuwa na alama hata moja. Katika safari tano, marobota ishirini na saba yalipungua, na matatu yalilingana sawasawa. Matatu kila safari, na kila moja lilikuwa na alama yake ndogo nyekundu, nadhifu, imetiwa kwa mkono wake na kwa furaha yake.

Mambo yakamfungukia. Bwana Harnisch alipima samaki halali Musoma. Njiani, pengine kwenye kisiwa fulani cha mawe karibu na Ilemela, alifungua marobota matatu, akatia chuma, akatoa samaki, akapima mpaka uzito ukawa sawa na ule ulioandikwa kwa chaki. Aliogopa kuzidi, kwa maana mzigo uliozidi sana hufunguliwa. Alikuwa mtu wa karatasi, akadhani karatasi zikilingana hakuna atakayeuliza. Na hapa forodhani alikutana na mtu wa karatasi mwenzake, ambaye si tu kwamba hakuuliza, bali alimpigia na makofi.

"Mama Orwa," alisema kwa sauti ndogo, "mimi ndiye niliyezipitisha bunduki za wale wezi wa Shinyanga. Nilizitia alama kabisa."

Aoko aliinuka akamkung'uta bega kama anayemtoa vumbi.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini aliyekwisha kujua kinapouma si sawa na asiyejua. Mashua yake inakuja lini?"

"Alhamisi."

"Basi Alhamisi mimi niko hapa. Na sitakuja peke yangu."

Kulikuwa na jambo moja lililomnyima Luhaga usingizi siku mbili zile. Katika safari ishirini na nne, zenye chuma zilikuwa tano tu. Ikiwa safari ya Alhamisi itakuwa ya samaki watupu, marobota yote yatapungua kama kawaida, na Ijumaa atasimama mbele ya inspekta akiwa na vyeti vya zamani mkononi na hadithi ya mchuuzi wa Kirumba. Nani angemsikiliza? Alhamisi asubuhi alimuaga Teodora kwa mkono, kama anayesafiri. Teodora aliushika ule mkono akakataa kuuachia haraka.

"Nenda kapime," alimwambia. "Kupima unajua."

Mashua ya injini iliingia saa nne. Bwana Harnisch aliruka gatini akiwa na kofia kichogoni, akampungia karani wake mkono, akaenda zake ofisini kwa Bwana Pringle. Mahamali wakaanza kupanga marobota. Aliyesimama kwenye mizani alikuwa Ngosha, hamali mkubwa kuliko wote, aliyewaamkia hata Wazungu kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, iwe asubuhi au jioni.

Robota la kwanza lilitoka themanini na nane likawa themanini na tano. La pili likapungua nne, la tatu mbili. Luhaga aliandika. La kumi likapungua tatu. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwake kama kidole cha mtu anayemchokonoa mbavuni. La kumi na tano likapungua nne. La kumi na sita, tatu. Alianza kusali, sala ya haraka isiyo na mpangilio, ya mtu anayeomba kuona kosa.

"Kumi na saba," Ngosha aliita, akalishusha kwenye mizani.

Chaki ilisema tisini na mbili. Mshale ulicheza, ukatulia. Tisini na mbili.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake namba mbili zilizolingana zilimtia Luhaga baridi ya mgongo. Furaha ilifuata nyuma yake, kubwa mno kiasi kwamba alilazimika kushika nguzo ya banda.

"Kaliweke pembeni," alimwambia Ngosha. "Endelea."

La ishirini na mbili lililingana. La ishirini na nane lililingana. Hapo Luhaga alimtuma hamali mmoja akamwite Bwana Pringle, naye akaja, Bwana Harnisch nyuma yake na kikombe cha chai bado mkononi. Hasham alikuwako pia, amefuata kreti zake za misumari. Na Aoko alikuwa amefika na wanawake wa Kirumba wapatao ishirini, wamejaa gatini na vikapu vyao.

"Bwana," Luhaga alisema, "naomba ruhusa nifungue marobota haya matatu."

"Kwa sababu gani? Yamezidi?"

"Hapana, Bwana. Yamelingana."

Bwana Harnisch akaangua kicheko.

"Umesikia, Pringle? Karani wangu sasa anakamata watu kwa kusema kweli!"

Bwana Pringle hakucheka, lakini uso wake uliiva. Luhaga akamweleza juu ya samaki na upepo na mvua, na akampa jalada la vyeti. Mkuu wa forodha alifunua karatasi mbili tatu, akatazama alama nyekundu, akamtazama rafiki yake wa Jumapili. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyojua, na haki siku hiyo ilimkaa kooni.

"Moja," alisema hatimaye. "Utafungua moja. Ukikosa, hutamsubiri inspekta. Askari yule pale."

Luhaga alichagua la kumi na saba. Ngosha alikata kamba za katani, akafunua jamvi la matete lililonyooshwa kwa fito sita ndefu zilizofungwa maganda ya migomba. Ngege wakaanza kutoka. Walitolewa mikono kwa mikono, wakarundikwa sakafuni, harufu ikajaa banda. Wakatoka, wakatoka, mpaka jamvi likabaki tupu limelala wazi kama mkeka wa mgeni aliyeondoka. Hapakuwa na risasi wala bunduki. Hapakuwa hata na msumari.

Mtu alicheka nyuma. Bwana Harnisch alikunywa chai yake.

"Askari," Bwana Pringle aliita, na sauti yake haikuwa na furaha.

Luhaga hakusikia. Alikuwa ametazama lundo la samaki, na jicho la karani wa mizani, baada ya miaka, huona uzito kama wengine wanavyoona rangi. Lundo lile lilikuwa dogo. Halikuwa lundo la ratili tisini na mbili, hata kwa mbali.

"Bado sijamaliza kupima!" alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kuitumia mbele ya Mzungu. "Ngosha, rudisha samaki kwenye mizani. Samaki peke yao."

Askari alisita. Ngosha alikuwa ameshawabeba. Mshale ukatulia.

"Hamsini na nane," Luhaga alisoma. "Bwana, robota zima ni tisini na mbili. Samaki ni hamsini na nane. Jamvi, kamba na fito vina ratili thelathini na nne. Mama Orwa, naomba jamvi lako."

Aoko alikuwa amelikunja tayari kwapani, kama aliyejua litaitwa. Lilikuwa jamvi lilelile la matete, ukubwa uleule, na fito zake sita za mti. Alilitupa kwenye mizani mwenyewe. Ratili sita.

"Tofauti ni ishirini na nane," Luhaga alisema. "Jamvi la Bwana Harnisch limebeba ratili ishirini na nane za kitu ambacho si samaki, si matete, wala si mti."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliinama, akashika ufito mmoja, akachana maganda ya mgomba kwa kisu. Chini ya maganda kulikuwa na kitambaa chenye mafuta, na chini ya kitambaa chuma kilimeremeta, cheusi, kizuri, na kibaya.

"Mabomba ya maji," Bwana Harnisch alisema haraka. "Ya bustani yangu. Nimeyafunga hivyo yasipate kutu."

Hapo Hasham akajipenyeza mbele, akainua chuma kile hadi kwenye mwanga wa mlango na kuchungulia ndani yake kwa jicho moja. Kisha akatia ncha ya kidole kidogo.

"Bwana mkubwa, nimeuza bunduki kwa leseni miaka ishirini, na mabomba nimeuza zaidi ya hiyo. Bomba la maji ndani ni laini. Hili lina mifereji inayozunguka kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji hayahitaji kuzungushwa. Risasi ndiyo inayohitaji."

Bwana Pringle alichukua mtutu, akachungulia mwenyewe. Alipoushusha alionekana mzee. Bwana Harnisch hakungoja zaidi. Aliweka kikombe juu ya robota, akageuka, akaenda kwa hatua za haraka kuelekea kwenye mashua yake, hatua zikawa mbio. Lakini mashuani hapakuwa na nafasi hata ya kuweka mguu. Wanawake wa Kirumba walikuwa wamejaa humo pomoni, wameketi juu ya injini, juu ya viti, juu ya ukingo, wakibishana kwa Kijaluo na Kikerewe na Kisukuma juu ya bei ya samaki wa furu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kushuka. Askari akamkuta amesimama gatini na kofia mkononi, akiwaomba kwa adabu wampishe.

Basi kelele zikapasuka! Mahamali walipiga vigelegele vya kiume, kama hivyo vipo, wanawake wakavipiga vya kweli, na Ngosha alimnyanyua Luhaga juujuu akamsimamisha kwenye mizani. Mshale ulisema ratili mia na thelathini na moja. Hasham aliapa kwamba asubuhi ile karani alikuwa mwepesi zaidi.

Marobota mengine mawili yalifunguliwa. Yalitoa mitutu sita na sita, na ile ya kwanza ikafanya kumi na minane. Ijumaa inspekta aliposhuka kwenye treni, Bwana Pringle alimpa jina, nalo halikuwa la Luhaga.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Zilikuwako zile safari tano. Luhaga alimwambia Bwana Pringle kwamba anataka kuandika katika daftari la silaha, pamoja na zile kumi na nane zilizokamatwa, tisini zilizokwisha kupita, sita kwa kila robota, akitaja tarehe na namba za marobota, na kwamba yeye karani aliyapima akayasifu.

"Unajua unajiandikia kosa kwa mkono wako?" Bwana Pringle alimuuliza.

"Najua, Bwana. Lakini nikiandika kumi na nane peke yake, Geneva watasoma uongo. Na polisi watazitafutaje zile tisini bila tarehe?"

Bwana Pringle akamsogezea wino. "Na mimi nilimpa chai," alisema. "Andika."

Zile alama nyekundu zilizokuwa aibu yake zikawa njia. Kila alama ilikuwa na siku, kila siku ilikuwa na treni, kila treni ilikuwa na stakabadhi ya mtu aliyepokea samaki. Polisi walizifuata stesheni kwa stesheni. Nne zilikuwa zimekwisha kukamatwa Shinyanga. Kufikia Desemba walikuwa wamepata nyingine themanini na moja, nyingi zikiwa bado kwenye maganda yake, hazijapata tako wala hazijamuua mtu. Zilizobaki tano Luhaga alizijua kwa namba za marobota yake, na alizitaja kwa sauti kila alipofungua daftari, ili asizisahau. Ndugu wa yule mchungaji walitembea siku tatu kutoka Shinyanga kuja kumshika mkono. Alilia mbele yao bila kuona haya.

Siku ya kufunga hesabu za mwaka, Aoko alikuja na samaki wake. Mvua zilikuwa zimeanza. Cheti kilisema tisini, mizani ikasema tisini na tatu.

"Shikamoo, Mama Orwa."

"Marahaba. Haya, anza kugomba, nimejiandaa."

Luhaga hakugomba. Alichomoa kalamu nyekundu, akatia alama ndogo nadhifu pembeni ya cheti chake. Kisha akamwita mezani, akafunua daftari jeusi. Mwisho wa ukurasa palikuwa na safu ya maelezo, ambayo miaka yote minne aliiacha tupu. Sasa ilikuwa na mstari mmoja. Bwana Pringle alikuwa ameusoma, akasema Geneva hawahitaji jina la mchuuzi, akaondoka bila kuufuta.

"Hapa," Luhaga alisema, akiuongoza mkono wake. "Hili ni Aoko. Hili ni binti Owuor. Hili ni Kirumba. Baada ya hapo nimeandika kwamba wewe ndiye uliyezigundua."

Kidole chake kipana, chenye magamba ya samaki, kilitulia juu ya jina.

"Na hili litasomwa huko ng'ambo? Na hao wanaohesabu bunduki za watu wote?"

"Litasomwa."

Aoko alivuta kidole akakifuta kwenye kanga, kisha akakirudisha palepale.

"Nafasi imebaki?"

"Kidogo."

"Basi waongezee, maana nao ni watu wa karatasi. Waambie wakiona hesabu imelingana sana, wafungue mzigo."

Luhaga alichovya kalamu kwenye wino, akaandika kama alivyoambiwa.